Adui Waliokuwa Jamaa

Mwalimu afundishapo habari za Waamuzi na za Wafalme, watoto husikia majina mengi ya mataifa yaliyopigana na Waisraeli: Waedomi, Wamoabi, Waamoni, Wamidiani, Waamaleki na Wafilisti. Ni rahisi majina hayo kutoka darasani yakaenda uwanjani, na mtoto wa nyumba ya pili akaitwa Mfilisti kwa sababu kabila lake si letu. Jambo hili si la kuchekwa tu. Katika Nachingwea na Ruangwa wanakaa Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo, nao hukutana sokoni, kisimani na kanisani. Basi yatupasa kujua vema hao adui wa kale walikuwa watu gani.

Kwanza tutazame nasaba zao. Edomu ndiye Esau, pacha wake Yakobo. Moabu na Amoni ni wa uzao wa Lutu, ambaye baba yake alikuwa ndugu yake Ibrahimu. Midiani ni mwana wa Ibrahimu mwenyewe kwa Ketura. Hata Amaleki, ambaye watu wake waliwapiga Waisraeli waliochoka na kubaki nyuma ya msafara, alikuwa mjukuu wa Esau. Katika hao sita, Wafilisti peke yao ndio waliotoka ng'ambo ya bahari. Walikaa katika miji mitano, Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Na wataalamu waliopima mifupa ya kale ya Ashkeloni walitangaza mwaka 2019 kwamba baadhi ya watu wa zamani wa mji huo walikuwa na asili ya Ulaya ya kusini. Waliobaki wote walikuwa jamaa, wenye mababu mamoja na mipaka iliyogusana.

Tena Maandiko yenyewe hayakuficha mema ya mataifa hayo. Mfalme Balaki wa Moabu alimwajiri Balaamu ili awalaani Waisraeli, na mfalme Egloni wa Moabu aliwatawala miaka 18. Lakini Daudi alipokuwa akimkimbia Sauli, aliwapeleka baba yake na mama yake wapi? Kwa mfalme wa Moabu. Wala haikuwa ajabu, maana Ruthu, mama wa babu yake, alikuwa Mmoabi. Wazee wetu wa Kimwera na wa Kimakua wanaelewa neno hili kuliko wengi, kwa kuwa kwao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Kwa desturi hiyo Obedi, mwana wa Ruthu, angehesabiwa mtu wa ukoo wa Kimoabi, naye ndiye babu wa mfalme mkuu wa Israeli!

Kadhalika Wamidiani. Gideoni aliwapiga akiwa na watu 300; lakini zamani zaidi ni Yethro, kuhani wa Midiani, aliyempokea Musa alipokuwa mkimbizi, akampa binti yake, na baadaye akamfundisha namna ya kuwagawia wengine kazi ya uamuzi. Na Absalomu alipomwasi Daudi, aliyekataa kumwacha mfalme ni Itai, mtu wa Gathi, mji ule ule wa Goliathi.

Tusisahau pia kwamba adui naye ana kumbukumbu zake. Mwaka 1868 lilionekana huko Dhiban, mashariki ya mto Yordani, jiwe ambalo Mesha, mfalme wa Moabu, aliliandikisha yapata miaka 840 kabla ya Kristo. Mesha anasema kwamba mungu wake Kemoshi aliikasirikia nchi yake, ndiyo maana Israeli waliwaonea. Kisha anajisifu jinsi alivyowashinda. Lugha yake yakaribia sana Kiebrania. Kwa Wamoabi, basi, Israeli ndio waliokuwa adui.

Sisi watu wa Kusini twayajua mambo ya namna hii. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, walikishambulia kijiji hicho, wakaua watu, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Twaweza kusema kwamba kwa waliookoka siku ile, Magwangwara ndio waliokuwa Waamaleki. Lakini mwaka 1898 misheni ya Peramiho ilianzishwa katika nchi ya Wangoni hao hao, na wengi wa wajukuu wao wakawa Wakristo. Kama jina la Amaleki lingalibandikwa juu yao daima, nani angalikubali kuketi nao kanisani?

Desturi zetu nazo zilitafuta njia. Wangoni na Wahehe walipigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Lakini leo ni watani. Hutupiana maneno makali bila kukasirika, na penye msiba mtani ana kazi yake. Vita havikusahauliwa, bali vimegeuzwa kuwa mzaha na msaada.

Limebaki neno gumu. Iko amri ya kuwaangamiza Waamaleki, na mwalimu asiiruke, maana watoto wakubwa wataisoma wenyewe. Yafaa awaeleze kwamba habari ile ni ya taifa moja la kale, ambalo halipo tena duniani. Hakuna kabila la leo liitwalo Amaleki, wala hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kumtafutia jirani yake jina hilo. Katika nchi nyingine watu wamelitumia jina hilo kuhalalisha mauaji, na waliokufa hawakuwa Waamaleki.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na walimu: siku mnapowasimulia watoto habari za Gideoni, wasimulieni na Yethro; mkimtaja Egloni, mtajeni Ruthu; mkimtaja Goliathi, msimwache Itai. Na mtoto akiuliza kama ni halali kumchukia mtu wa taifa jingine, mfungulieni torati ya Musa, kitabu cha Kumbukumbu, sura ya 23. Humo Mwisraeli anakatazwa kumchukia Mwedomi, na sababu iliyotolewa ni kwamba huyo ni ndugu yake.