Jeli na Kidonda: Faida ya Unyevu katika Uponyaji wa Ngozi

Tangu zamani watu wengi wameamini kwamba kidonda hakiponi mpaka kikauke. Kwa imani hiyo jeraha huachwa wazi lipigwe na upepo, au hunyunyiziwa majivu, na gaga gumu likitokea huhesabiwa kuwa dalili njema. Uchunguzi wa kisayansi wa zaidi ya miaka 60 umeonyesha kinyume chake: ngozi hujijenga upesi zaidi inapokuwa na unyevu. Ugunduzi huo ndio msingi wa jeli zinazotumika leo kutibu vidonda.

Jinsi ngozi inavyojiunga

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu ni epidemisi, lililojengwa kwa seli zilizobanana. Chini yake ni demisi, yenye mishipa ya damu, neva, na nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni.

Ngozi ikikatika, kwanza damu huganda na kuziba mwanya. Kisha chembe nyeupe za damu hufika kuua vijidudu na kuondoa uchafu. Baadaye mishipa midogo na nyuzi mpya za kolajeni hujaza shimo, na seli za epidemisi hutambaa kutoka kingoni mwa jeraha mpaka zikutane. Safari hiyo huhitaji njia yenye majimaji, kwa kuwa seli haiwezi kutambaa mahali pakavu.

Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililofanywa kwa nguruwe wadogo, ambao ngozi yao inafanana kwa mengi na ya binadamu. Baadhi ya majeraha yaliachwa wazi na mengine yalifunikwa kwa utando wa polithini. Majeraha yaliyofunikwa yalipata epidemisi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Chini ya gaga, seli zililazimika kuchimba njia ndani zaidi ili zipate unyevu. Chini ya polithini ziliteleza juu ya jeraha bila kizuizi. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walipata matokeo kama hayo kwa binadamu.

Jeli ni kitu gani?

Supu ya makongoro ikiachwa mahali pa baridi usiku kucha huganda na kutikisika kama kitu kigumu, ingawa sehemu yake kubwa ni maji. Kolajeni iliyomo katika ngozi na kano za miguu ya ng'ombe, ikichemshwa, hubadilika kuwa jelatini. Supu inapopoa, molekuli ndefu za jelatini husokotana na kufanya wavu unaonasa maji. Mwani unaolimwa Zanzibar nao una karajinani, ambayo pia hufanya jeli. Jeli nyingi za vidonda hutengenezwa kwa polima nyingine zinazopenda maji, lakini kanuni ni ile ile.

Mwalimu anaweza kuonyesha sifa nyingine ya jeli darasani. Jelatini igandishwe katika neli ya majaribio, kisha punje moja ya pamanganeti ya potasiamu iwekwe juu yake. Kadiri saa zinavyopita, rangi ya zambarau hushuka taratibu ndani ya jeli. Hivyo jeli huyazuia maji yasimwagike, lakini huviachia vitu vilivyoyeyuka vipite. Ndiyo maana inaweza kulainisha kidonda kikavu, na pia kubeba dawa.

Jeli zinazobeba dawa

Wagonjwa wa kisukari ambao neva za miguu zimeharibika huweza kupata vidonda visivyofunga kwa miezi mingi, na wengine hukatwa miguu. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha kwa ajili yao jeli ya bekaplemini, yenye protini inayochochea seli kukua. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1998, vidonda vya wagonjwa 50 katika kila 100 waliotumia jeli hiyo vilifunga kabisa katika muda wa wiki 20. Miongoni mwa waliopewa jeli tupu isiyo na protini hiyo, walipona 35 katika kila 100. Wote walipata pia uangalizi mzuri wa kidonda. Tarakimu hizo zafundisha mambo mawili: dawa ilisaidia, lakini nusu ya walioitumia walikuwa bado hawajapona.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya namna mpya kwa ajili ya ugonjwa adimu wa kurithi, ambao ngozi ya mgonjwa huchubuka kwa kuguswa tu. Wagonjwa hao wana kasoro katika jeni ya kolajeni ya aina ya 7, inayoshikamanisha epidemisi na demisi. Jeli hiyo hubeba virusi vilivyorekebishwa visiweze kuzaliana, navyo huingiza jeni nzima katika seli za kidonda.

Mipaka ya jeli

Jeli haifai kila kidonda. Kinachotoa majimaji mengi huhitaji kifuniko cha kuyafyonza, na chenye usaha, harufu mbaya au uvimbe unaoenea chapaswa kuonwa na mganga hospitalini. Tena unyevu hauchukui nafasi ya usafi. Samadi na udongo huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Kwa hiyo kuvipaka jeraha ni hatari, na chanjo ni kinga ya lazima.

Aliyeungua apoze mahali hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, bila kupaka majivu wala dawa ya meno. Mchubuko mdogo uoshwe kwa maji safi na sabuni, upakwe Vaselini, kisha ufunikwe kwa kitambaa safi. Vaselini haina maji ndani yake, lakini huzuia maji ya ngozi yasipotee. Kwa njia hiyo nyepesi, kanuni iliyoonekana katika jaribio la mwaka 1962 yaweza kutumika katika kila nyumba.