Visahani vya Angani: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Machi 1952, gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, lilichapa habari kutoka Katanga, kusini mwa Kongo ya Wabelgiji. Visahani viwili vya moto vilikuwa vimeonekana juu ya machimbo ya urani ya wilaya ya Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Kamanda wa uwanja wa ndege, aliyetajwa kwa jina moja tu la Pierre, alipanda ndege ya kivita akavifukuza, akakikaribia kimoja hadi mita 120 hivi. Alikadiria upana wake kuwa mita 12 hadi 15, na kasi yake kilomita 1,500 kwa saa. Kisha vikampotea.

Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliitafsiri habari hiyo na kuiweka kwenye majalada yake. Jalada lilipofunguliwa kwa umma miaka mingi baadaye, ukurasa ule ukaanza safari ya mitandaoni, na safari hiyo haijaisha. Tuanze na dai linaloandamana nao.

Dai: CIA ilithibitisha kuwa visahani viliruka juu ya urani ya Katanga

Uongo. CIA ilikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusoma magazeti ya nchi za nje na kutafsiri chochote kilichoweza kuwa na maana. Karatasi za aina hiyo zilipigwa chapa inayoonya kwamba taarifa iliyomo haijapimwa. Kwa hiyo muhuri wa CIA unathibitisha jambo moja tu: kwamba gazeti la Vienna liliandika.

Usomeni ukurasa wenyewe polepole. Unasema machimbo yako mashariki ya mto Luapula, ule unaounganisha ziwa Mweru na Bangweulu. Mtu wa Kasenga au wa Mansa, miji ya eneo hilo la mto, atashtuka papo hapo. Luapula ndio mpaka. Ukisimama upande wa Kongo, mashariki ya mto ni Zambia, wakati ule Rhodesia ya Kaskazini. Na mgodi mkubwa wa urani wa Katanga, Shinkolobwe, uko karibu na Likasi, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, upande wa pili kabisa. Aliyeandika habari ile hakuwa na ramani mbele yake, au aliyemsimulia hakuwa mwenyeji.

Kwa nini basi CIA ihangaike na kipande cha gazeti? Kwa sababu ya urani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, na mwaka 1952 Marekani na Urusi zilikuwa zimekamatana koo. Neno lolote lililotaja urani ya Katanga lilihifadhiwa, hata kama lilikuwa hekaya. Inawezekana kabisa kuwa kuna mtu aliona kitu angani huko. Ila ukurasa ule hauwezi kutuambia aliona nini.

Dai: Wanaosema wameona ni waongo, walevi au wajinga

Uongo, tena uongo unaoumiza watu. Waliotoa ripoti nyingi mashuhuri walikuwa watu timamu, wengine wakiwa kazini. Marubani wa Marekani waliokuwa wakiruka usiku juu ya Ujerumani na Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1944 waliripoti mipira ya mwanga iliyokuwa ikiandamana na ndege zao. Februari 1951, ndege ya abiria ya East African Airways ikitoka Nairobi kwenda Mombasa, nahodha wake, Jack Bicknell, aliona kitu kinang'aa kimesimama juu ya Kilimanjaro asubuhi kweupe, na abiria wake wakakiona pia. Hakuna sababu ya kumdhania Bicknell kuwa mzushi. Kitu alikiona.

Tatizo liko kwenye hatua inayofuata, pale mtu anapotaka kusema kitu kilikuwa kikubwa kiasi gani, kiko umbali gani na kinakwenda kwa kasi gani. Hayo matatu yamefungana. Ukisimama ufukweni usiku ukaona taa ya wavuvi wa dagaa, huwezi kujua kama ni karabai iliyo mbali au kurunzi iliyo karibu mpaka ujue chombo kiko wapi. Angani hakuna chombo, hakuna mti, hakuna nyumba ya kulinganishia. Ukikosea umbali, ukubwa na kasi vyote vinakosewa pamoja.

Ndivyo ilivyo kwa Kenneth Arnold, ambaye kwake zama hizi zote za visahani zilianzia. Tarehe 24 Juni 1947 alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier, jimbo la Washington, akitafuta mabaki ya ndege ya kijeshi iliyoanguka. Akaona vitu 9 vinang'aa, vinakwenda kwa mstari. Alitazama saa, akapima muda viliotumia kutoka usawa wa mlima Rainier hadi mlima Adams: dakika 1 na sekunde 42. Kwa hesabu yake, hata alipoipunguza kwa tahadhari, kasi ilipita kilomita 1,900 kwa saa, wakati ambapo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuruka kwa kasi ya sauti. Saa yake siitilii shaka. Lakini hesabu yote imesimama juu ya umbali, na umbali aliukadiria kwa macho. Vitu hivyo vikiwa karibu zaidi, kasi inashuka hadi ya kawaida.

Kuna na jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Arnold alipochora alichokiona kwa ajili ya wanajeshi, alichora umbo linalofanana na kisigino cha kiatu. Kisahani alikitaja akieleza mwendo tu, jinsi vitu vile vilivyorukaruka kama kisahani kilichorushwa juu ya maji. Magazeti yakachapa kwamba ameona visahani. Kabla wiki mbili hazijaisha, watu Marekani nzima walikuwa wakiripoti vitu vya duara.

Kisa kinachonisikitisha kuliko vyote ni cha Kapteni Thomas Mantell. Tarehe 7 Januari 1948, akiwa na umri wa miaka 25, aliombwa na mnara wa uwanja wa Godman, Kentucky, akachunguze kitu kikubwa cheupe kilichoonekana angani. Alikuwa na ndege aina ya Mustang, bila oksijeni ya kutosha kwa kazi ile. Wenzake waligeuza. Yeye aliendelea kupanda, akapita futi 20,000, akazimia, ndege ikasambaratika. Mwanzoni ilisemwa alikuwa akifukuza sayari ya Zuhura. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba alifukuza puto la Skyhook la jeshi la majini, lenye upana wa mita 30 hivi, lililoelea juu kuliko ndege yake ingeweza kufika. Mantell hakujua kuwa maputo hayo yapo, kwa sababu yalikuwa siri. Aliona vizuri, akakadiria umbali vibaya, na siri ya watu wengine ikamgharimu maisha.

Dai: Rada haidanganyiki

Uongo. Usiku wa tarehe 19 Julai 1952, na tena wiki moja baadaye, rada za uwanja wa ndege wa jiji la Washington zilionyesha vitu visivyojulikana, vingine juu ya maeneo yaliyokatazwa kuruka. Ndege za kivita zilitumwa. Tarehe 29 Julai, Meja Jenerali John Samford aliwaambia waandishi kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni hali ya hewa.

Hoja yake si ya kubeza. Katika usiku tulivu wa joto, hewa ya moto inaweza kulala juu ya hewa ya baridi, na mahali zinapokutana mawimbi ya rada hupinda kuelekea ardhini. Yanagonga vitu vya chini, yanarudi, na mashine inavionyesha kana kwamba viko angani. Hata hivyo baadhi ya waliokuwa zamu usiku ule hawakuridhika, na kuna marubani waliosema wameona mianga kwa macho. Kwa maoni yangu hali ya hewa inaeleza sehemu kubwa ya kisa hicho. Kuhusu mianga, mjadala haujafungwa.

Dai: Serikali ya Marekani iliwaficha watu ukweli

Kweli. Hapa wenye shaka na serikali wana haki yao, na wanaostahili lawama ni wale waliodanganya.

Chukua Roswell, New Mexico. Tarehe 8 Julai 1947 kambi ya jeshi ilitangaza kuwa imepata kisahani kwenye shamba la mifugo. Saa chache baadaye Jenerali Roger Ramey akasema ni puto la hali ya hewa. Mabaki yenyewe yalikuwa vipande vya mpira, karatasi ngumu zenye bati jembamba, vijiti na utepe wa gundi. Mwaka 1994 Jeshi la Anga lilitoa ripoti iliyokiri kuwa lile halikuwa puto la kawaida. Mabaki yale, ilisema, huenda yalitoka kwenye msururu wa maputo wa Mradi wa Mogul, uliobeba vyombo vya kunasa sauti ili kusikia kwa mbali Warusi watakapolipua bomu lao la kwanza la nyuklia. Urusi ililipua Agosti 1949.

Na zile maiti za viumbe wa ajabu? Katika magazeti ya Julai 1947 hazimo. Simulizi za maiti zilishamiri baada ya mmoja wa maofisa wa kambi ya Roswell kuanza kuhojiwa upya mwishoni mwa miaka ya 1970.

Uongo mwingine ulikuwa wa makusudi zaidi. Agosti 1955 ndege ya ujasusi ya U-2 ilianza majaribio. Ilipaa zaidi ya futi 60,000, wakati ndege nyingi za abiria za enzi hiyo ziliruka kati ya futi 10,000 na 20,000. Jioni, jua likiwa limeshawazamia watu wa chini, kule juu lilikuwa bado linapiga mbawa zake, na rubani wa ndege ya abiria aliona moto unapita mahali ambapo aliamini hakuna ndege inayoweza kufika. Historia iliyoandikwa na CIA yenyewe inakiri kuwa wachunguzi wa jeshi walilinganisha ripoti na ratiba za U-2, wakajua jibu, kisha wakawapa wananchi maelezo mengine. Shirika hilo lilidai zaidi ya nusu ya ripoti za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege zake za siri. Wapo watafiti wanaoipinga hesabu hiyo, nami naiona ni kubwa mno. Lakini kukiri kwamba raia waaminifu walidanganywa kunatosha kueleza kwa nini hawaiamini serikali mpaka leo. Kilichofichwa, kwa ushahidi tulionao, kilikuwa ndege na maputo.

Dai: Ripoti zote zimeshapatiwa maelezo

Uongo. Mradi wa Blue Book wa Jeshi la Anga, uliofungwa mwaka 1969, ulikusanya ripoti 12,618, na 701 zikabaki bila jibu. Juni 2021 ofisi kuu ya ujasusi ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu ripoti 144, nyingi zikiwa za marubani wa jeshi la majini. Moja tu ilielezwa kwa uhakika: puto lililokuwa likiishiwa hewa.

Wanaoamini tunatembelewa na viumbe wa sayari nyingine huzishika namba hizi kama ushahidi. Mimi nazisoma kama orodha ya mafaili yenye upungufu. Ripoti nyingi hukosa jibu kwa sababu picha ni hafifu au muda haukuandikwa. Machi 2024 ofisi maalumu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, baada ya kupitia rekodi tangu mwaka 1945, ilisema haikupata ushahidi wa chombo chochote kutoka nje ya dunia yetu.

Dai: Mambo haya ni ya Wazungu, Afrika hayapo

Uongo. Mbali na Katanga na Kilimanjaro, kuna kisa cha Ruwa, Zimbabwe, tarehe 16 Septemba 1994, ambapo wanafunzi zaidi ya 60 wa shule ya Ariel walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yaliwaka angani kusini mwa Afrika na maelfu ya watu wakayaona. Hayo ya roketi hayaelezi walichosema watoto mchana wa Ijumaa ile, ila yanaonyesha wakati ule nchi ilikuwa ikizungumza nini. Baadhi yao wameshikilia maneno yao hata ukubwani. Kuwaita waongo ni ukatili, na kutoka kwenye michoro yao hadi kwenye sayari nyingine ni mbali mno.

Vitu vya kweli navyo huanguka. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Wakala wa Anga wa Kenya ulifika, ukachunguza, ukaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeficha.

Nawe ukiona kitu usichokifahamu angani, andika saa, upande, muda kilioonekana na namna kilivyopotea, kabla hujamsimulia mtu na kabla hujasoma alichoandika mwingine. Ukipiga picha, ingiza paa la nyumba au mti ndani yake. Kikianguka, usikiguse, wajulishe polisi. Na mwenzako akija na habari ya aina hiyo, mwulize alikuwa amesimama wapi na alitazama upande gani, umsikilize mpaka amalize.