Lenzi ya Jicho: Uliza Vipimo Kabla ya Bei

Mgonjwa wa mtoto wa jicho akiandikiwa upasuaji, ndugu zake huuliza kwanza lenzi inatoka nchi gani na ni shilingi ngapi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza jicho limepimwaje. Mimi ningeanza na hilo.

Mtoto wa jicho ni ukungu ulioingia ndani ya lenzi ya asili, ile iliyo nyuma ya mboni, na hakuna dawa ya matone inayouondoa. Daktari hufungua mfuko mwembamba unaoifunika lenzi hiyo, huitoa, mfuko akauacha, kisha ndani yake hupachika lenzi ya bandia yenye upana wa milimita 6 hivi. Vishikio viwili vyembamba huizuia isihame. Lenzi inayokunjika hupita kwenye tundu lisilofika milimita 3. Ngumu huhitaji mkato mkubwa zaidi, ambao mara nyingi hujifunga wenyewe bila kushonwa.

Aliyeanza kazi hii ni Harold Ridley, katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1949. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ameona marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, na macho yale hayakuvikataa. Akaagiza lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Jicho la mgonjwa wake wa kwanza liliipokea, ila nguvu yake ilizidi mno: mgonjwa akabaki na kasoro ya kutoona mbali ya zaidi ya dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Wakubwa wa fani walimpinga Ridley miaka mingi, na cheo cha "Sir" alikipata mwaka 2000, akiwa na miaka 93!

Sasa tuje kwenye vipimo. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 23 au 24 hivi. Ukikosea milimita 1 tu, kasoro inakaribia dayopta 3. Mtu anaweza kutoka hospitalini akisoma gazeti bila shida, lakini kituoni hasomi kibao cha daladala mpaka imfikie. Ndiyo maana urefu hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga, na mbinuko wa kioo cha mbele cha jicho nao hupimwa, ndipo hesabu ya nguvu ya lenzi ifanyike. Pasipo na vifaa, watu waliwekewa lenzi ya nguvu ya wastani. Wengine iliwafaa, wengine ikawaachia miwani.

Bei si kipimo cha ubora. Aurolab ya Madurai, India, imekuwa ikitengeneza lenzi za bei nafuu tangu 1992, na mamilioni ya watu wanaona kwa hizo. Zile ghali za kuonea mbali na karibu kwa pamoja huwaonyesha baadhi ya watu duara kuzunguka taa usiku. Dereva wa malori afikiri mara mbili. Lenzi ya kawaida huonea mbali, na kusoma utahitaji miwani.

Lenzi haichakai wala haibadilishwi kila baada ya miaka kadhaa. Ukungu ukirudi, kwa kawaida ni sehemu ya nyuma ya ule mfuko iliyoingia ukungu, na leza huitoboa kwa dakika chache.

Kwa hiyo kabla hujasaini fomu ya ridhaa, uliza: jicho langu lina urefu gani, na lenzi yangu ni ya dayopta ngapi? Omba majibu yaandikwe kwenye kadi yako.