Kabla Fundi Hajakata Bomba la Friji

Joto la kaskazi linapoingia Pwani, friji hufanya kazi usiku na mchana, na mafundi wa friji nao hawapati nafasi ya kupumua. Wakati huu ndipo mama anayeuza maji baridi na juisi ya ukwaju huambiwa, "Friji imeisha gesi." Wakaazi wanashauriwa kuuliza maswali kabla ya kulipia kazi hiyo, kwani gesi ya friji haiishi kwa kutumika jinsi gesi ya kupikia inavyoisha.

Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa kiwandani. Ikiwa imepungua, basi kuna mahali inapovuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu amejitengenezea kazi ya mwezi ujao kwa pesa za mteja. Aidha, mara nyingi gesi haina kosa lolote. Rabari ya mlango imelegea, mabomba ya nyuma yamejaa vumbi, friji imesukumwa ikagusa ukuta, au thamostati imeharibika. Hayo yote hukaguliwa bila kukata bomba.

Ikibainika kwamba mfumo wa gesi lazima ufunguliwe, jambo la kwanza ni kusoma kibandiko kilicho nyuma au ndani ya friji. Kibandiko hutaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Friji nyingi za nyumbani zina R134a au R600a. R134a haishiki moto kirahisi, lakini ikiachiliwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. R600a haina madhara makubwa hivyo kwa hali ya hewa, ila inawaka. Jina lake lingine ni isobutani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia. Kompresa yake huwa na alama ya pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto.

Friji ya nyumbani mara nyingi huwa na R600a isiyofika gramu 100. Ni kidogo, lakini ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, na kwa kawaida haitiwi harufu kama gesi ya kupikia. Ikifika takriban asilimia 2 ya hewa iliyo mahali, cheche moja inatosha kuiwasha.

Hatari hii huanza hata kabla fundi hajaitwa. Watu wengi hubandua barafu kwa kisu, na katika friji nyingi ndogo gesi hupita ndani ya kuta nyembamba za sehemu ya kugandishia. Kisu kikitoboa, gesi hujaa ndani ya friji, ambako swichi ya taa na thamostati huweza kutoa cheche. Mtu akisikia mvumo wa gesi, asiguse swichi wala plagi iliyo karibu. Azime jiko na mshumaa, afungue milango na madirisha, kisha atoe watu nje. Kama swichi kuu iko mbali na chumba hicho, azime umeme hapo. Moto ukizuka, nambari za dharura ni 999 au 112. Barafu ni ya kuachwa iyeyuke yenyewe friji ikiwa imezimwa, hata kama kazi hiyo itachukua asubuhi nzima.

Fundi mwangalifu huchomoa friji na kuipeleka nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko. Hutoa gesi kwanza. R134a huvutwa kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi wake. R600a hupitishwa kwa mpira hadi nje, mbali na moto. Kisha husafisha mabomba kwa naitrojeni kavu, na kuyakata kwa kikatio cha bomba. Kukata au kuyeyusha bomba kwa moto huku gesi ingali ndani ndiko kunakounguza watu.

Akishaziba tundu, hupima kwa naitrojeni na povu la sabuni. Oksijeni haitumiki kamwe kwa kipimo hiki, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha inaweza kulipuka. Baadaye hubadilisha chujio, hutoa hewa na unyevu kwa pampu, na kutia gesi kwa mizani. Kukisia kwa kugusa bomba kama limepoa si kipimo.

Wapo wanaotia gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi. Hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani, na haikutengenezwa kwa kazi ya friji. Hata R600a halisi haifai kutiwa katika friji ya R134a, kwani kompresa na swichi zake hazikuundwa kwa gesi inayowaka.

Mwenye friji ana haki ya kumuuliza fundi kama ana cheti cha majaribio ya ufundi kutoka NITA au cha chuo cha ufundi, na kama ana mizani na pampu. Kazi ikiisha, risiti iandikwe aina ya gesi na gramu zilizotiwa, na maandishi hayohayo yabandikwe nyuma ya friji kwa ajili ya fundi atakayefuata.