Kabla Utusi Watu wa Waifai, Cheki Nyuma ya Mashine

Kama simu yako inaplei video fiti ukiwa kwa bedi, na desktopu iko hapo kando inabufa, manze hiyo ngori si ya kampuni ya intaneti. Iko hapo kwa meza, na mara mob imejificha nyuma ya mashine.

Cheki venye hizi mashine hukuja. Zile OptiPlex na HP za eksi-UK wasee hubuy Moi Avenue zilitengenezewa maofisi, na ofisini kila mtu ako na kebo. So nyingi hazinanga kadi ya waifai ndani. Msee wa duka anakuongezea kale ka-adapta ka USB kadogo kama ukucha, anakuambia umeweza buda. Ukifika keja unakachomeka nyuma, chini ya meza, katikati ya ukuta na kabati la chuma. Signo itapitia wapi?

Alafu kuna kitu wasee wengi hawana rada nayo. Vitu za USB 3.0, zile za mdomo wa bluu, hutoa kelele kwa masafa ya 2.4 GHz, kwenye waifai yako inabongea. Intel wenyewe waliandika hiyo maneno 2012. Ukiweka adapta kando ya diski ya nje inakopi muvi, lazima ikohoe. Dawa haikumalizi ganji: buy waya ya ekstensheni ya USB, toa adapta huko nyuma, ipandishe juu ya meza ionane na ruta.

Majirani nao? Ploti ya Roysambu, kila keja na ruta yake, zote zimejazana kwa 2.4, na hapo chaneli zenye hazigongani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hamia 5 GHz kama adapta yako inaijua. Noma ni 5 haipendi ukuta, na hizi keja zetu za mawe zinaimeza. Ukiwa bedrum ya mwisho, rudi 2.4 utafute chaneli imepoa.

Windows pia ina vituko. Ikiona adapta imetulia inaweza kuizima ati isevu stima. Ya laptopu naelewa, lakini desktopu imechomekwa kwa soketi, inasevu nini? Ingia Device Manager, fungua adapta, toa tiki pale Power Management.

Sasa kama bado unataka kufokea mtu, fungua Command Prompt uandike ping -t alafu namba ya ruta, mara mob ni 192.168.1.1. Ikijibu haraka bila kuruka na intaneti bado imelala, piga simu, haki iko upande wako. Ikianza kukatika hapo tu kwa ruta, weka simu chini.

Lakini mimi nikiulizwa, ni kebo tu. Cat6 inaenda mpaka mita 100, na hakuna bedsita ya hivyo Kanairo. Ipitishe kando ya ukuta, uishike na tumisumari twake. Mathe akiuliza, mshow ni ya TV.