Florini ya Vitabuni na Florini ya Visimani

Miongoni mwa kazi ambazo walimu wa sayansi hupenda kuwapa wanafunzi wao wakati wa likizo ni ile ya kuchagua elementi moja katika jedwali na kuichunguza. Na aghalabu kazi hiyo hurejeshwa ikiwa nakala tupu ya kitabu, alama na namba na uzani vimepangwa kwa mwandiko mzuri, ilhali mwenye kuviandika hakupata kujiuliza vina maana gani. Sithubutu kuwaita watoto hao wavivu. Sisi wakubwa ndio tuliowazoeza kudhani kuwa elementi ni kitu kikaacho chupani, katika maabara ya mbali, na hali mtoto wa Arusha aliyepewa florini angeweza kuianza kazi yake kwa kuyatazama meno ya wenzake.

Kitabu kitamwambia kuwa florini ni ya 9 katika jedwali, kwamba ni gesi ya manjano iliyopauka, na kwamba hakuna elementi nyingine iliyo kali kama hiyo kwa kung'ang'ania kuungana na nyinginezo. Tabia hiyo iliwagharimu wanazuoni wa karne ya 19, waliojua kuwa imo ndani ya jiwe la floraspa lakini wasiweze kuitenga bila ya kudhurika: Humphry Davy wa Uingereza aliugua, ndugu wawili wa Ireland wa ukoo wa Knox walisumbuka mno, na Paulin Louyet wa Ubelgiji akafa. Hatimaye, mwezi Juni 1886, mjini Paris, Henri Moissan alitwaa asidi ya haidrofloriki isiyo na maji, akayeyusha ndani yake chumvi ya potasiamu yenye florini, akaipoza sana katika chombo cha platini kilichozibwa kwa vizibo vya floraspa yenyewe, kwa kuwa jiwe hilo limekwisha kushiba florini wala haliliki nayo tena, kisha akapitisha umeme. Na silikoni ilipoguswa na gesi iliyotoka, ikawaka moto papo hapo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, akafariki mwaka uliofuata.

Lakini mtoto wetu asiishie Paris. Miamba iliyotapikwa na volkano za Bonde la Ufa, kandokando ya Mlima Meru hasa, ina florini nyingi, na maji yapitayo ndani yake huichukua katika hali ya floridi hadi visimani na kwenye chemchemi. Kidogo chake huyakinga meno yasioze, ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Ila kikizidi, nalo Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, huliharibu tabaka gumu la jino lingali likijengwa ndani ya ufizi, na meno ya ukubwani huota yakiwa na mabaka ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Akinywa mtu maji hayo miaka mingi, na yakiwa na floridi nyingi zaidi, hata mifupa hupatwa. Wala si maji peke yake: magadi tunayotia chunguni ili maharage na makande yaive upesi, nayo aghalabu yana floridi, na jikoni kwa mama ni mahali pema pa utafiti.

Naona uchungu ninaposikia mtoto akichekwa kwa meno yake kana kwamba ni taksiri ya uchafu, na kwa hiyo natamani kazi hii ifanywe kwa dhati. Mwanafunzi na ajifunze kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuiondoi floridi, bali maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Na aulize habari za mifupa ya ng'ombe, ambayo ikichomwa na kusagwa huwa chujio lenye kuinasa floridi, maana madini ya mfupa yana mvuto nayo, kama yalivyo madini ya jino. Kuichoma ndiko kwenye ustadi: moto ukiwa haba maji hunuka na kuwa na ladha mbaya, na ukizidi, mfupa hupoteza nguvu zake za kunasa.