Serikali ni Serikali, Dini ni Dini

Mjini Lubumbashi lingalipo sinagogi lililojengwa zamani mji ule ulipoitwa Elisabethville. Wengi wa Wayahudi waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja Kongo kufanya biashara. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya ndugu zao waliobaki kisiwani, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi ni wachache sana. Wakati huo serikali ya Israeli haikuwapo; iliundwa mwaka 1948. Basi watu wale hawakuuawa kwa sababu ya amri ya waziri yeyote wa Israeli. Waliuawa kwa kuwa Wayahudi tu.

Twaikumbuka habari hiyo kila tunaposikia mabishano juu ya vita ya Gaza iliyoanza Oktoba 2023. Mmoja husema, «Wayahudi wamefanya hivi», naye ataka kusema jeshi la Israeli. Kosa dogo la ulimi, mwadhani? Hata kidogo. Myahudi wa Lubumbashi hakupiga kura Yerusalemu. Tena, katika raia wa Israeli, karibu mmoja kwa watano ni Mwarabu, Mwislamu au Mkristo.

Serikali ile yaweza kulaumiwa kama serikali nyingine zote. Tarehe 23 Desemba 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba makao ya Waisraeli katika nchi zilizotwaliwa mwaka 1967 yavunja sheria ya mataifa. Wajumbe 14 walikubali. Marekani haikupiga kura. Na mwaka 2023 Waisraeli wenyewe walijaa njiani kwa maelfu, juma kwa juma, kupinga mpango wa kupunguza nguvu za mahakama yao. Je, nao tuwaite adui za Wayahudi? Wanaoita kila lawama chuki wakosa kama wale wengine, nao huwadhuru wale wale wanaotaka kuwalinda: siku chuki ya kweli ikija, nani atawasadiki?

Sisi Wakongo tulikwisha kuona uchungu wa kuchanganya mambo hayo. Novemba 1964 askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo; siku zilizofuata mapadri na masista wengi waliuawa. Sista aliyefunga vidonda vya wagonjwa, je, yeye ndiye aliyetia sahihi amri ya Brussels?

Kanisa nalo lilikuwa na deni katika jambo hili, si dogo. Kwa karne nyingi Wakristo wengi waliwatwika Wayahudi wote hatia ya kifo cha Yesu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Vatikano, katika tamko liitwalo Nostra Aetate, ulikataa kuwatwika hatia hiyo Wayahudi wote wa siku zile, wala Wayahudi wa leo.

Basi baba asomaye habari za vita mbele ya watoto wake jioni, na aseme «serikali», aseme «jeshi», amtaje waziri kwa jina lake. Watoto husikia neno lililochaguliwa, hulichukua mpaka shuleni.